Pampu Iliyotetemesha Mguu wa Omanga

Kerosi alikuja Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na spana nane, bisibisi moja iliyopinda, na maneno yasiyohesabika. Spana alikuwa amezifunga kwenye kitambaa. Maneno hakuyafunga.

"Shemeji," alimwambia Edinah hata kabla ya kuketi, "leo utaona kazi. Hii ABS inawatoa jasho mafundi wa Kisumu. Mimi naing'oa kama jino la mtoto."

Edinah alikuwa akipepeta omena, dagaa wa ziwani, uani, bintiye Joyline akiwa amelala mgongoni. Aliwaza kwamba hata jino la mtoto husubiriwa lilegee kwanza. Lakini Kerosi alikuwa mtoto wa mjomba wa mumewe, na mtoto wa mjomba, hata kama ni bure kabisa, hupewa kiti chenye mgongo na chai ya maziwa. Akaweka ungo chini, akaenda kuinjika chai.

Gari lenyewe lilikuwa limesimama katikati ya ua wa ile ploti waliyopanga pembeni mwa mji wa Migori. Lilikuwa jeupe, la mtumba, lililoshuka Mombasa kutoka Dubai mwaka huohuo wa tisini na sita. Omanga, mume wa Edinah, alikuwa ameendesha magari ya watu kwa miaka tisa kabla ya kupata hili lake. Alilipenda kama mtu anavyompenda mtoto aliyechelewa kuzaliwa. Alikuwa analifuta vumbi kwa shati lake la ndani. Na kila aliyesimama kulitazama aliambiwa jambo moja: "Hili lina breki za ABS. Breki zenye akili."

Akili yenyewe ilikuwa ya namna gani, Omanga hakujua. Muuzaji hakumweleza, naye hakuuliza, kwa sababu Omanga alikuwa mwanamume wa aina ile ambayo heri apotee njia siku mbili kuliko kuuliza.

Ugonjwa ulianza kwenye barabara ya Kegonga. Omanga alikuwa amewapeleka abiria huko Kuria, na wakati wa kurudi, kwenye changarawe, ng'ombe akakatiza mbele yake. Alikanyaga breki kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Gari likasimama. Ng'ombe akapita akitafuna. Lakini chini ya mguu wa Omanga pedali ilikuwa imetetemeka, drrrrr, kama amekanyaga kitu kilicho hai. Alifika nyumbani uso umemsawijika.

"Breki imeugua," alisema.

"Ng'ombe alipona?" Edinah aliuliza.

"Alipona."

"Na wewe?"

"Si unaniona hapa?"

"Sasa kilichougua ni nini?"

Omanga alimtazama kama wanaume wanavyomtazama mwanamke aliyeuliza swali la gari, akaenda kumtafuta Kerosi.

Kerosi aliketi kwenye usukani, akaenda kukanyaga breki kwenye changarawe mara tatu, na mara zote tatu mguu ukatetemeshwa. Alirudi akitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuwaza jeneza. "Pampu," alisema. "Pampu ya ABS imekufa. Hayo ni maumivu ya mwisho." Alhamisi wakaenda wawili hao kwa Suleman, yule mfanyabiashara wa spea za mtumba nyuma ya soko, wakarudi na pampu nyingine imefungwa kwenye gunia.

Yote hayo Edinah angeyaacha yapite, kwa kuwa wanaume na magari yao ni kama kuku na vumbi lao. Ila kulikuwa na Jumatatu. Mradi mmoja wa chanjo huko Homa Bay ulikuwa unakodi gari kwa mwaka mzima, kuwazungusha wauguzi na masanduku ya dawa vijijini. Mkuu wao wa usafiri, Bwana Maroa, alikuwa amemwambia Omanga alete gari Jumatatu asubuhi likaguliwe breki. Likipita, Omanga angeacha kuwinda abiria stendi hadi usiku. Joyline, ambaye wakati huo alimjua baba yake kwa harufu ya petroli zaidi kuliko kwa sura, angekula naye uji wa asubuhi. Na Edinah mwenyewe angeweza kumwachia mtoto jioni, aende darasa lake la watu wazima kule kanisani bila kumbeba mgongoni huku akinakili hesabu. Tena siku hiyohiyo ya Jumatatu Edinah na mtoto wangekuwa ndani ya gari, ili baada ya ukaguzi waende mpaka Kosele kwa mama yake, Nyamoita, ambaye alikuwa hajamwona mjukuu akitembea. Kwa hiyo breki hizo hazikuwa za Omanga peke yake. Joyline angekaa nyuma yake.

*

Kazi ya Ijumaa ilianza kwa chai, ikafuatwa na hadithi ya jinsi Kerosi alivyowahi kufufua lori lililoshindikana huko Rongo. Ilipofika saa kumi boneti ikafunguliwa. Kerosi hakukinga chochote wala hakutoa mafuta kwanza. Alilegeza nati za mabomba, na mafuta ya breki yakatiririka juu ya bawa la gari, lile bati la juu ya gurudumu. Aliyafuta kwa mkono, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.

"Hayo mafuta hayali rangi?" Edinah aliuliza akiwa mlangoni.

"Shemeji, hii si dawa ya kunyoa nywele."

Saa moja baadaye rangi nyeupe ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Omanga aliiona, akaigusa kwa kidole. Kerosi pia aliiona. "Rangi ya Dubai," alisema. "Haina nguvu."

Pampu ya zamani ikatoka, na mabomba sita yakabaki yamekodoa midomo. Hapo Kerosi aliinua macho, akaliona jua likigusa miti ya upande wa Tanzania, akakurupuka.

"Jua! Sabato inaingia! Ndugu, tuweke vyombo chini."

Wote katika nyumba hiyo walikuwa Wasabato, na Edinah aliiheshimu Sabato kama alivyomheshimu mama yake. Lakini Sabato ya Kerosi alikuwa anaijua. Ilikuwa inamjia mbio kila anapokutana na nati ngumu. Mtu aliyekunywa chai vikombe vitatu na kulala nusu saa chini ya gari akidai anachunguza, ndiye aliyekuwa sasa anamwogopa Mungu kuliko Musa. Mabomba aliyaziba kwa vipande vya gazeti, akaenda kuoga. Edinah alitafuta karatasi za nailoni zilizo safi, akazifunga juu ya kila mdomo kwa uzi, jua likiwa bado na ukucha mmoja.

Kesho yake kanisani, Mzee Gichana alisimama kuomba. Aliwaombea wagonjwa, wajane, na wanafunzi. Kisha akasema, "Na breki za ndugu yetu Omanga, Bwana, uziguse." Kanisa zima likaitika amina. Kerosi, katika koti la kuazima, aliitika kwa sauti kuliko wote, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama chombo ambacho Bwana angekitumia.

*

Jumapili asubuhi pampu ya pili iliingia. Kerosi aliifunga, akaongeza mafuta, akatoa hewa kwa namna yake, yaani kwa kumwamuru Omanga akanyage huku yeye akisimulia. Walipowasha gari, ile taa ndogo ya ABS kwenye dashibodi iliwaka na kukataa kuzimika.

"Inazoea," Kerosi alisema. "Twende tuipime."

Walitoka nje ya lango, kwenye barabara ya changarawe inayoshuka kuelekea mtoni. Wapangaji wote walitoka kutazama. Omanga alilikimbiza gari mbele kidogo, akaligeuza, akaja nalo kasi, na mbele ya lango akakanyaga breki.

Magurudumu yalifunga papo hapo. Gari halikusimama. Liliteleza, likageuza mkia, likapita lango upande upande kama kaa, na kutulia ndani ya kamba ya nguo za jirani yao Helen, sidiria moja ikining'inia kwenye kioo cha mbele.

Halafu Kerosi akapiga makofi.

"Mmeona? Mmeona inavyoshika? Tairi hazizunguki kabisa! Na mguu, Omanga, umetetemeka?"

Omanga alikuwa bado ameshika usukani. "Haujatetemeka," alisema polepole.

"Basi imepona!"

"Imepona!" Omanga naye akasema, na tabasamu likaanza kumjia, la mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ataishi.

Edinah alitazama barabarani. Mistari miwili mirefu ilikuwa imechimbika, mipana na iliyopinda. Helen alikuja kuchukua nguo zake, akaitazama mistari hiyo, akamtazama Edinah.

"Nyar Kisii," alisema, maana ndivyo alivyozoea kumwita, binti wa Kisii, "sasa gari yenu inalima? Mkimaliza hapa mje na kwangu, mvua iko karibu."

"Mwombe shemeji yangu," Edinah alimjibu. "Yeye ndiye mwenye jembe."

Alicheka naye, kisha akarudi kuitazama mistari. Ng'ombe wa Kegonga alipona kwa breki iliyougua. Kwa breki iliyopona, kamba ya Helen ilikuwa chini.

*

Suleman alikuwa amepunguza bei kwa sharti kwamba chuma cha zamani kirudishwe kwake. Wanaume walikuwa na kazi ya kusherehekea, kwa hiyo Edinah aliitia ile pampu ya kwanza kwenye kikapu, akamfunga Joyline mgongoni, akaenda mwenyewe. Duka la Suleman halikuwa na siku ya kufungwa ila Ijumaa adhuhuri. Mlangoni palikuwa na kigoda, juu yake betri kuukuu yenye nyaya mbili. Kila kilichokuwa na mota hakikuingia dukani bila kupita kwenye betri hiyo.

"Karibu, mama," Suleman alisema. Aliipokea pampu, akaigeuza, akagusisha nyaya mbili.

Vuuuum. Ile pampu ilinguruma na kutetemeka hadi kigoda kikacheza. Joyline aliamka, akacheka.

Suleman aliondoa nyaya, akamkodolea macho. "Hii ndiyo mliyoitoa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inatetemesha mguu. Kwenye changarawe, ukikanyaga sana."

Mzee huyo aliketi. Kwanza alijaribu kujizuia, kwa heshima ya mwanamke wa watu. Kisha kicheko kikamshinda, kofia ikamwanguka, akaiokota, ikaanguka tena.

"Mama weee! Hiyo ndiyo kazi yake! Gurudumu likitaka kuteleza, pampu inalibana, inaliachia, inalibana, inaliachia, mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kwa mguu. Ndiyo huko kutetemeka. Usipotetemeka ndipo ulie."

Edinah alihisi damu ikimpanda usoni. Hakujua kama ni hasira au aibu. "Na hiyo uliyotuuzia?"

Kicheko kilikatika. Suleman alifuta kofia kwa kiganja. "Nilikuwa na mbili. Ya kwanza niliwapimia hapahapa, ikanguruma hivihivi. Fundi wenu akaruka nyuma kama ameona nyoka. 'Hiyo nayo ina ugonjwa uleule!' Akaiendea nyingine pale nje mlangoni, ambayo nilikuwa sijaigusa. Nikamwambia, ndugu, hii sijaipima. Akaiweka sikioni, akaitikisa kama mtu anayenunua yai. Akasema, 'Hii imetulia.'"

"Imetulia," Edinah akarudia.

"Nimeuza spea miaka ishirini, mama. Sijawahi kuona mtu anachagua maiti kwa sababu hapigi kelele."

Edinah aliirudisha pampu ya zamani kikapuni. Suleman hakumzuia. Alimwambia warudishe ile iliyotulia, naye atawarudishia pesa zao. Njia nzima kikapu kilimpiga pajani, na mtoto mgongoni aliendelea kuigiza: vuuu, vuuu.

*

Alimkuta Kerosi amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje, vipande vya waya vimetapakaa kwenye majani. Omanga alisimama kando akimulika kwa tochi.

"Umefika wakati mzuri, shemeji," Kerosi alisema akijikongoja kutoka. "Ile taa imekubali. Omanga, washa."

Omanga alizungusha ufunguo. Kwenye dashibodi taa ya betri iliwaka, na ya ABS ikawaka. Injini iliponguruma, zote mbili zikazimika.

"Safi!" Kerosi akasema.

Edinah alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari hilo mara nyingi kuliko Kerosi. "Zamani hii ya ABS ilikuwa inachelewa kidogo," alisema. "Ya betri inazimika, yake inafuata nyuma. Leo zimezimika pamoja kama mapacha. Umeifunga kwenye waya wa taa ya betri, shemeji?"

"Ufundi umeanza lini? Ndiyo hayo mnayofundishwa jioni?"

"Jioni tunafundishwa hesabu na Kiingereza. Aibu tulifundishwa nyumbani."

Omanga aliinama kuangalia viatu vyake. Hapo ndipo Edinah alipojua kwamba mumewe aliijua hila hiyo. Maneno ya Kerosi hayakuwa yamemwuma. Kimya hiki cha Omanga kilimwuma.

"Ni ya Jumatatu tu," Omanga alisema. "Maroa akiona taa imezimika, tumepita. Halafu tutaangalia polepole."

"Baba Joyline, Jumatatu ndiyo siku nitakayomweka mtoto humo."

Hakungoja jibu. Aliitoa pampu kikapuni, akaiweka juu ya jiwe la kufulia. "Leta nyaya hapa. Kutoka kwenye betri. Wewe mwenyewe, asiguse yeye."

Omanga alileta nyaya. Aligusisha. Vuuuum, jiwe zima likaimba.

"Si mnasikia?" Kerosi akapaza sauti. "Inanguruma! Si nilisema ni mgonjwa?"

"Shemeji," Edinah alimwambia, "hata wewe unapumua. Tukuzike?"

Helen, aliyekuwa akianika nguo upya kwenye kamba yake, alilazimika kuingia ndani ili acheke vizuri.

Sasa Omanga hakuwa akimtazama mtu. Alichomoa plagi ya pampu iliyokuwa garini, akazivuta nyaya mpaka pale, akagusisha. Kimya. Akasafisha ncha za waya kwa kisu, akagusisha tena. Hata mbu angesikika. Edinah alimweleza alichosema Suleman, maneno yote, la nyoka na la yai. Alijikaza asiongeze chumvi. Haikuhitajika.

"Suleman ni mfanyabiashara," Kerosi alisema. "Anataka kuwauzia ya tatu."

"Amenirudishia hii bure."

Kerosi aliokota bisibisi yake iliyopinda. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa amedharauliwa, na mwanamke, nyumbani kwa ndugu yake, wakati chakula bado hakijaandaliwa. Alikusanya spana zake moja moja, polepole kama mtu anayengoja kubembelezwa. Hakuna aliyembembeleza. Langoni aligeuka.

"Mkianguka Homa Bay msinitaje."

"Tutakutaja tukifika," Edinah alisema.

*

Walibaki wawili na gari lililofunguliwa kifua. Omanga aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Kanisa zima limeomba," alisema. "Sasa niwaambie nini? Kwamba tulitoa nzima tukaweka maiti? Tutaonekana wajinga, Mama Joyline."

Edinah alikuwa na mengi ya kumjibu. Yalikuwa yamejipanga mdomoni tayari kama watoto wanaongoja uji, na kila moja lilikuwa na meno. Lakini alimwona alivyoushika mguu wake wa kulia, ule uliotetemeshwa, kama bado unauma, akamhurumia kidogo. Kidogo tu.

"Mjinga anayeonekana huponywa," alisema. "Anayefichwa hubebwa kwenye jeneza. Inuka."

Omanga alikuwa amemtazama Kerosi siku mbili, na kumtazama Kerosi kulikuwa kumemfundisha kila kisichofaa kufanywa. Safari hii alikinga mafuta kwenye sufuria kuukuu, na bawa la gari akalifunika kwa matambara yenye maji. Kabla hajafungua bomba lolote, Edinah alimsimamisha. Alichana kitenge kilichochakaa na kanga mbili, akafunga kitambaa cha rangi yake kwenye kila bomba na kingine kama hicho kwenye tundu lake. Ndivyo walivyofanya wachuuzi wa omena kule kisiwani Remba, magunia ya watu thelathini yakipanda chombo kimoja: mwenye maua anajua lake, mwenye mistari anajua lake, na hakuna anayepigana ufukweni.

"Hii ni gari, si omena," Omanga alisema, lakini bila nguvu.

"Omena zangu hazijawahi kuingia nyumba ya mtu mwingine."

Pampu ya zamani ilirudi mahali pake. Mafuta mapya yakamiminwa. Kwenye taa, Omanga aliufungua ule waya wa uongo na kuurudisha ulipokuwa, akakosea mara moja, akarudia bila kuambiwa. Mtoto alikuwa kwa Helen akila ndizi. Edinah aliketi kwenye kiti cha dereva, akavua ndala, akaweka mguu kwenye pedali. Omanga alilala nyuma ya gurudumu la mbali kabisa, na spana.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Kinati kikafunguliwa, mafuta na hewa vikatoka vikikoroma. "Bado inashuka?"

"Imefika chini."

"Usiachie! Nimefunga. Sasa achia. Tena."

Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Mwanzoni pedali ilikuwa laini kama ugali usioiva. Ikawa nzito kidogo kidogo, na kwenye gurudumu la nne ikawa ngumu kama jiwe. Mguu wa Edinah ulikuwa umekufa ganzi mpaka pajani. Hakuna aliyesimulia habari za lori la Rongo. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la Helen walipowasha injini. Taa ya betri ilizimika. Taa ya ABS ilingoja, ikangoja, hadi Edinah akaacha kupumua. Ikazimika.

Waliingia barabarani wawili tu. Omanga aliongeza mwendo, akakanyaga. Drrrrr. Gari lilitembea mstari mmoja ulionyooka na kusimama mbele ya lango, pua ikitazama mbele kama mtu mwenye adabu. Omanga alirudi nyuma, akafanya tena. Alifanya mara tano, akicheka kama mtoto anayetekenywa unyayo, na mara ya tano Edinah naye akacheka, ingawa alikuwa amepanga kununa mpaka usiku.

*

Bwana Maroa alikuwa mtu mnene wa Kuria mwenye kalamu tatu mfukoni. Ua wa mradi huko Homa Bay ulikuwa karibu na ziwa, na mbele yake palikuwa na uwanja wa changarawe. Alizunguka gari, akagusa rangi iliyojikunja, akaguna, akaandika. Alitazama taa zikizimika, akaandika. Edinah aliteremka na Joyline, akasimama kwenye kivuli cha ukuta. Maroa akaketi kwenye usukani mwenyewe, Omanga kando yake, akakimbiza gari hadi katikati ya uwanja na kukanyaga.

Lilisimama sawasawa. Maroa akashuka haraka kuliko unene wake ulivyoruhusu.

"Hapana! Hapana, bwana! Hii breki inatetemeka! Unataka kuniulia wauguzi?" Alikuwa amekwisha kutoa kalamu. "Mbovu. Rudi nyumbani ukatafute fundi."

Edinah alifumba macho. Dunia nzima, aliwaza, imejaa akina Kerosi, tofauti ni kalamu tu. Alipiga hatua moja mbele. Kisha akajizuia, kwa sababu Omanga alikuwa anashuka.

Omanga wa juzi angesema ndiyo bwana, samahani bwana, akaondoka. Huyu alikwenda mpaka mbele ya Maroa, jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Fundi nilishamtafuta, Bwana Maroa," alisema. "Naye alisema kama wewe. Nusura aniue. Nipe dakika mbili. Usiandike kwanza."

"Nisiandike?"

"Dakika mbili."

Alifungua boneti, akachomoa fyuzi ya ABS, aliyoijua jana akihangaika na waya wa taa, akaishika juu ili Maroa aione. "Sasa haitatetemeka. Endesha tena, vilevile. Mimi sipandi."

Labda ni hilo la kutopanda lililomchokoza. Maroa aliingia, akafunga mlango kwa nguvu, akaenda, akarudi kasi, akakanyaga. Mguu wake haukutetemeka hata kidogo. Magurudumu yalifunga, gari likazungusha mkia, vumbi likafunika uwanja, na makarani wawili waliokuwa wamekaa kwenye ngazi wakaruka. Vumbi lilipotua, bawa la gari lilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye tangi la maji, na Maroa alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kalamu zake zimetapakaa miguuni.

Omanga alitembea, asikimbie. Akairudisha fyuzi. "Sasa tena," alisema.

Maroa alikwenda tena. Polepole mwanzoni, kisha kasi. Drrrrr. Mstari mmoja. Aliposhuka, alivuta mkanda wa suruali juu ya tumbo, akaokota kalamu, akaandika, akakunja karatasi mara mbili.

"Kesho saa moja asubuhi," alimwambia Omanga. "Usichelewe. Wauguzi wa hapa wana midomo."

Kisha aliwageukia makarani wake, akalipiga gari kofi begani.

"Mnaona hii? Hii ndiyo breki ya kisasa. Ikitetemeka, msishtuke. Wengi hawajui. Mimi hizi nimezijua zamani."

Makarani wakaitikia. Edinah alihisi maneno yakimpanda kutoka tumboni, manono, yenye meno yote thelathini na mawili. Lilikuwepo la tangi la maji. Lilikuwepo la kalamu tatu. Omanga alimtazama juu ya paa la gari, macho yakimsihi, na Joyline akavuta sikio la mama yake akitaka kwenda kwa baba.

"Asante, Bwana Maroa," Edinah alisema. "Umetufundisha."

Neno hilo lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki mbuta, lakini lilipita. Akampa Omanga mtoto kwanza, akazunguka, akaingia garini kwa safari ya Kosele.